Shajara ya mradi: kupima umakini wa mtembea kwa miguu Dar, toka Mlimani mpaka Kariakoo

3 Februari

Tumeanza rasmi. Tunataka kupima ubongo wa mtu akiwa anatembea barabarani hapa Dar, sio amekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi anakodolea nukta kwenye skrini. Mtu akikatiza Kariakoo boda zinampita kushoto kulia, guta liko nyuma linampigia kelele, umakini wake unagawanyikaje, na je huo mgawanyo unaweza kuonekana kwenye umeme wa kichwani kwake? WHO inasema watu kama milioni 1.19 wanakufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya mmoja kati ya watano ni mtembea kwa miguu. Halafu ukifungua tafiti za umakini nyingi zimefanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani, tena wamekaa. Mi naona hilo pengo ni kubwa sana na ndo limetukutanisha sie watu wa fani tofauti, mmoja wa elektroniki, mmoja wa programu, dada yetu wa saikolojia anayesimamia washiriki, na mimi naandika na kubeba mabegi.

Kipimo ni EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kwa elektrodi, vile vipande vidogo vya kunasa umeme vinavyogusa ngozi ya kichwa, kilekile kinachotumika hospitali kwa mtu mwenye kifafa. Hans Berger, daktari wa Jena kule Ujerumani, alirekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924 akaja kuichapisha 1929, na kitu alichokiona mapema ni mawimbi ya alfa, yanapiga kama mara 10 kwa sekunde, mtu akifumba macho yanapanda akifumbua yanashuka. Na sisi mpaka leo mtu akishavaa kifaa tunaanzia hapohapo, fumba macho, haya fumbua, alfa ikipanda na kushuka tunajua tumeshika ubongo na sio waya tu. Umeme wenyewe ni kidogo mno, makumi machache ya mikrovolti, yaani sehemu ya milioni ya volti, wakati kupepesa jicho tu kunarusha zaidi ya mikrovolti 100. Sasa umpeleke huyo mtu Msimbazi.

10 Februari

Zoezi lenyewe. Mshiriki anasikia milio miwili sikioni, mmoja mzito unajirudia rudia, mwingine mwembamba unatokea kwa nadra, kama mmoja katika kila mitano, na kazi yake ni kuihesabu ile myembamba kimoyomoyo huku anatembea. Ubongo ukikutana na mlio uliokuwa unausubiri unatoa wimbi linalopanda na kufika kilele milisekunde 300 hivi au zaidi baada ya mlio, linaonekana vizuri nyuma ya utosi, ndo hiyo wanaiita P300, inajulikana toka kazi ya Samuel Sutton na wenzake 1965. Wimbi likiwa kubwa tunasoma kwamba mtu ameipa milio sehemu nzuri ya umakini wake, likipungua kuna kitu kingine kimeuchukua.

Kuna jambo watu wanatuuliza kila siku, kwamba kwa hiyo mtaona sekunde ileile boda ilipomkosakosa? Hapana. Mlio mmoja peke yake hausomeki, umezama kwenye kelele za umeme mwingine wa mwili, inabidi ukate vipande vya makumi ya milio uvilaze pamoja utafute wastani ndo wimbi linajitokeza. Kwa hiyo tunaweza kusema kuhusu kipande cha njia, hatuwezi kusema kuhusu boda moja. Nataka hili likae wazi toka mwanzo, maana vifaa vya kichwani vinauzwa siku hizi na maneno makubwa sana kuhusu kusoma umakini wako sekunde kwa sekunde.

Na sio sisi wa kwanza kutoka nje. Kundi la Stefan Debener kule Oldenburg walifunga amplifaya ndogo, kile kifaa cha kukuza umeme wa kichwani, nyuma ya kofia ya elektrodi mwaka 2012, watu wakatembea nje, P300 ikaonekana vizuri tu ila ikawa ndogo kuliko wakiwa wamekaa ndani. Swali likabaki, inapungua kwa sababu ya miguu au kwa sababu ya mazingira? Simon Ladouce na wenzake wa Stirling, Scotland, mwaka 2019 wakafanya kitu ambacho mi nakipenda sana, wakamuweka mtu kwenye kiti cha magurudumu wakamsukuma, miguu imetulia ila dunia inampita, na wakakuta umakini kwa milio unapungua kwa sababu ya vile macho na mwili vinavyopokea mwendo, sio kitendo chenyewe cha kupiga hatua. Tulivyosoma hiyo wote tukasema kitu kimoja: bajaji.

17 Februari

Nywele. Hili ndo limetuchukua muda kuliko chochote na nafurahi limetuchukua muda.

Kofia za EEG zimetengenezwa kwa nywele laini zinazolala, elektrodi inapenya jeli inagusa ngozi basi. Kwa nywele zetu, na hasa kwa mtu aliyesukia rasta au aliyeshonea wivingi, kofia inakaa juu juu haifiki ngozini, na matokeo yake kwenye nchi nyingi watu wenye nywele kama zetu wanaachwa tu nje ya utafiti. Huko Marekani kuna Arnelle Etienne, alikuwa mwanafunzi Carnegie Mellon, yeye na wenzake wakaja na vibanio wanaita Sevo vinavyokaa katikati ya misuko, pamoja na njia ya kusuka nywele kufuata zile sehemu za vipimo, kazi yao ilitoka 2020. Sisi wazo la kusuka tukalichukua moja kwa moja, maana kama kuna mji usiokosa wasusi ni huu.

Tukaenda kwa msusi mmoja Mwenge. Dada yetu wa saikolojia akamueleza, tunapima kutoka hapa kwenye kibonde juu ya pua mpaka kwenye kinundu cha kisogo, tunagawa kwa asilimia, hizi ni namba za mfumo wa 10-20 ambao Herbert Jasper aliuandika 1958. Kichwa cha mshiriki wa kwanza kilikuwa na sentimita 36 toka mbele mpaka nyuma, kwa hiyo sehemu ya mbele, Fz, ni asilimia 30 ambayo ni sentimita 10.8, katikati kabisa Cz ni 18, na Pz ya nyuma, tunayoitaka kuliko zote, ni asilimia 70, sentimita 25.2. Msusi akasikiliza, akachukua futi ya cherehani, akasema:

"Kwa hiyo mnataka mstari wa katikati ubaki wazi toka mbele mpaka kisogoni? Hiyo si twende kilioni, dada yangu, nakuachia njia kati, za pembeni nazilaza huku na huku."

Akasuka. Njia ikakaa pale pale tulipotaka, ngozi inaonekana, elektrodi zikaingia kwenye njia kama zimepimiwa, na ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi ukashuka vizuri kuliko kwa yule kaka mwenye upara tuliyemjaribu kwanza. Kwa waliosukia tayari hatufumui kitu, tunatafuta njia iliyo karibu, tunaandika ilipo kweli, na kama haipo tunamshukuru mtu tunampangia siku atakayosuka tena. Msusi yuko kwenye bajeti ya mradi kama mtaalamu, analipwa kwa kichwa, na jina lake litakuwemo kwenye shukrani kama mwenyewe akipenda.

26 Februari

Joto. Saa saba mchana nje hakufai, unyevu wa bahari na jua la Februari mtu analowa kabla hatujafika geti. Jasho ni tatizo la aina mbili: la kwanza linafanya mstari mzima uhame taratibu juu chini, mawimbi marefu ya chini ya nusu hezi hivi (hezi moja ni mara moja kwa sekunde), hilo unaweza kulichuja. La pili ni baya zaidi, jasho lina chumvi, likitambaa toka elektrodi moja mpaka nyingine linaziunganisha, basi sehemu mbili za kichwa zinakupa kitu kimoja na hapo hakuna chujio litakalokusaidia. Tumeamua kupima nje asubuhi tu kuanzia saa moja mpaka saa tatu, kitambaa cha pamba kwenye paji la uso, jeli kidogo kila sehemu isimwagike. Zile elektrodi za sponji ya maji ya chumvi tumeziweka pembeni, kwa jua hili zinakauka njiani. Elektrodi kavu nazo tumezijaribu, mtu akikaa zinakubali, akianza kutembea zinacheza.

19 Machi

Mvua. Masika imeingia, nje hatutoki, tunafanya kazi ya mezani.

Kazi ya mezani ni muda. Ukisema milisekunde 300 inabidi ujue mlio ulisikika lini haswa, sio simu ilitoa amri lini. Spika za masikioni za Bluetooth zinachelewesha sauti, na kibaya zaidi hazichelewi sawasawa, leo hivi kesho vile. Ucheleweshaji usiobadilika unautoa tu kwenye hesabu umemaliza, ila ule unaoyumba unafanya kila mlio ukae mahali tofauti na mwenzake na wastani unalainika, kilele kinakuwa kilima butu, halafu mtu anaandika kwenye ripoti kwamba umakini umeshuka wakati kilichoyumba ni saa. Kwa hiyo tumetumia waya. Mwenzetu wa elektroniki ametengeneza kigawanya volti kidogo, sauti ileile inayoenda sikioni inaingia pia kwenye chaneli moja ya amplifaya ikiwa imepunguzwa nguvu, basi mlio na ubongo vinarekodiwa kwenye faili moja, sampuli 500 kwa sekunde, ukitaka kujua mlio ulitokea wapi unauona kwa macho. Kipima mwendo cha kichwani na cha kifundo cha mguu navyo vinaingia humohumo.

Na sikio moja tu ndo lina spika, la pili liko wazi, sauti ni ndogo. Hatuwezi kumziba mtu masikio barabara ya Dar. Msaidizi anatembea nusu hatua nyuma upande wa magari na ana ruhusa ya kumshika bega mshiriki muda wowote, zoezi liharibike, sawa.

8 Aprili

Mvua bado. Tumesoma, tumebishana kuhusu uchujaji.

Ubishi ulikuwa hivi. Mtu akitembea kawaida anapiga karibu hatua mbili kwa sekunde, kwa hiyo mtikisiko wa kichwa na waya unaingia kwenye hezi 2 na vizidisho vyake, na P300 yenyewe nguvu yake kubwa ipo hukohuko chini, hezi 1 mpaka 4. Ukichuja hatua umechuja na kile ulichokifuata. Misuli ya shingo inapiga juu kidogo, 20 na kuendelea, hiyo inachujika bila kuumiza. Umeme wa TANESCO ni hezi 50, unajulikana ulipo, na ukiwa nje mbali na nyaya unapungua wenyewe, hicho ni kitu kimoja nje imeishinda maabara. Mwenzetu wa programu alitaka tutumie uchambuzi wa vijenzi huru, ule unaotenganisha vyanzo kama jicho, misuli na ubongo, upo kwenye programu za kuchambua EEG kama EEGLAB na MNE-Python, ni kitu kizuri sana ila kinataka chaneli nyingi na sisi tunazo nane.

Mimi nimesimamia upande wa kusafisha kidogo. Milio yetu inatoka kwa nafasi zisizo sawa, sekunde moja na nusu, mbili na kidogo, haifuati hatua, kwa hiyo ukichukua wastani wa milio mingi mtikisiko wa hatua unajifuta wenyewe kwa sababu kila mlio umeikuta hatua mahali tofauti. Kinachobaki tunakiondoa kwa kigezo kimoja kilichoandikwa kabla ya kuona data, kipande kilichozidi kiwango fulani kinatupwa, na tunaandika tumetupa vingapi kila sehemu. Ukisafisha sana data ya barabarani inaanza kufanana na ya chumbani, na hapo hujui tena umepima nini.

12 Mei

Vibali na watu. Maombi ya maadili yanapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kama utafiti wowote wa afya unaohusu binadamu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inatuhusu maana tunabeba kamera ndogo ya kifuani kujua mshiriki alikuwa wapi, kwa hiyo nyuso za wapita njia zinafutwa siku hiyohiyo kabla video haijahamia kwenye kompyuta ya mradi. Serikali ya mtaa tumeenda kujitambulisha kila tutakapopita.

Swali kubwa la washiriki ni moja: hii mashine inasoma mawazo yangu? Mama mmoja anayeuza vitenge, mtu mzima, alituambia kwa utaratibu kabisa, "Wanangu, mi kupimwa sikatai, ila nikimuwaza mume wangu mtajua?" Dada yetu akakaa naye, "Shikamoo mama, hatujui mama, tunaona tu kichwa kimeitika mlio au hakijaitika, unachowaza ni chako," akamuonyesha mistari kwenye skrini, akamwambia afumbe macho aone alfa yake mwenyewe. Alikubali baada ya kuiona. Toka siku hiyo kila mshiriki anaona mistari yake kabla ya kusaini, tumeona watu wanauliza maswali mazuri zaidi wakishaiona.

9 Juni

Kipupwe, jua limepoa, tumerudi nje.

Hali ni tano. Kukaa ndani. Kukaa nje kwenye benchi chini ya miti Mlimani. Kutembea njia za ndani za chuo zenye kivuli. Kupanda bajaji tuliyoikodi njia ileile, mwendo wa polepole. Na Kariakoo. Kwenye bajaji tumeongeza kipande cha sita ambacho hakikuwepo kwenye mpango, bajaji imesimama injini inawaka, ili mtetemo wa injini tuujue peke yake, la sivyo tungekuwa tunalinganisha mtu na mashine.

Ndani, P300 nzuri kabisa kwenye Pz. Benchini imepungua kidogo tu. Bajaji imesimama inaunguruma, karibu sawa na benchi, kwa hiyo mtetemo sio mwizi. Kutembea chini ya miti imepungua zaidi, na bajaji ikienda, mtu amekaa hajanyanyua hata kisigino, imepungua kwa kiasi kinachokaribiana na cha kutembea. Ni washiriki wachache bado na siweki namba hapa mpaka wote wapite, ila mwelekeo unafanana na wa Stirling, na kuuona kwenye vichwa vya watu wa Mwenge na Changanyikeni, wenye misuko yao, kumenipa moyo sana.

23 Juni

Kariakoo, Mtaa wa Kongo kutokea Msimbazi. Tumeanza asubuhi kabla msongamano haujakolea na bado ilikuwa kazi. Mikokoteni, makuli na mizigo kichwani "pisha pisha pisha", spika za wauza nguo zinarudia buku buku buku bila kupumzika, na ukifika kuvuka Msimbazi kuna njia ya mwendokasi ambayo basi likija linakuja kweli.

Wimbi limeshuka sana. Karibu hakuna. Hapa kuna mtego ambao tumeuzungumza mpaka usiku: je ubongo umeacha kuijali milio, au sikio halijaisikia kabisa kwa sababu ya ile spika ya buku buku? Ni vitu viwili tofauti kabisa na kwenye grafu vinafanana. Maikrofoni ya begani inatuonyesha vipande ambapo kelele imeufunika mlio, hivyo tumevitoa, na hata vilivyobaki wimbi ni dogo, ila sijaridhika. Jibu tunalolijenga ni mtetemo, kimota kidogo kama cha simu kimefungwa mkononi, kinatetemeka kwa muda mfupi mara nyingi na muda mrefu kwa nadra, mshiriki anahesabu mirefu. P300 inatoka kwa mguso pia sio sauti tu, na kelele ya Kariakoo haiwezi kuufunika mkono.

Kingine, washiriki wenye biashara Kariakoo, wanaopita pale kila siku, wanahesabu vizuri kuliko wanaokuja mara moja moja, hesabu zao za milio ziko karibu na ukweli huku wanakwepa mikokoteni bila hata kugeuza shingo, kipima mwendo cha kichwani kinaonyesha wametulia. Yule mama wa vitenge alikuwa mmoja wao. Mgeni wa pale anageuza kichwa kila sekunde na hesabu inampotea. Sisemi tumethibitisha, nasema hili ndo nataka kulifuata, kwa sababu wengi wakiona P300 imeshuka wanaandika "umakini umepungua" kama vile mtu amepungukiwa. Hajapungukiwa, umakini wake umeenda kwenye guta linalokuja, mahali unapotakiwa uwe, na milio yetu imepata masalia. Mtu ambaye wimbi lake halishuki hata kidogo akivuka Msimbazi mi ndo ningemuogopea.

30 Juni

Fupi. Kimota cha mkononi kimejaribiwa mezani, kinachelewa kuanza kutetemeka kidogo ila ucheleweshaji wake haubadiliki, kwa hiyo unatolewa kwenye hesabu. Tumekiwekea kipima mwendo kidogo juu yake ili kuanza kwa mtetemo kurekodiwe kama tulivyofanya kwa sauti. Wiki ijayo tunarudi Kongo asubuhi, nusu ya washiriki wenyeji wa Kariakoo nusu sio, kila mmoja na sauti na mtetemo kwa zamu, nani aanze na kipi tumepanga kwa bahati nasibu. Msusi ameshapewa orodha ya vichwa. Dereva wa bajaji anataka kujua kama na yeye anaweza kuvaa akiwa anaendesha, na kwa kuendesha jibu ni hapana mpaka tupate kibali tofauti na sehemu iliyofungwa isiyo na magari mengine, ila maombi ya hicho kibali tumeanza kuyaandika.